Bodi ya Mwisho Dukani

Jumamosi ile duka la vifaa vya kompyuta lilijaa hadi mlangoni. Watu walibanana mbele ya kaunta, kila mmoja ameinua simu kumwonyesha mwenye duka picha ya kitu anachokitaka, na mwenye duka, mama wa makamo mwenye miwani iliyoteleza hadi ncha ya pua, akawa anawahudumia watatu kwa mpigo bila kumkunjia uso hata mmoja. Rula hakusukumana na mtu. Alipita pembeni hadi kwenye rafu za ukutani, akaanza kusoma maandishi ya kasha moja baada ya jingine, kidole kikifuata mstari kama mwalimu anayesahihisha daftari.

Jina hilo la Rula alipewa ofisini. Alikuwa mchoraji wa ramani za majengo, mwaka wake wa tisa, na wenzake walimbandika kwa sababu mbili: rula ya chuma haikumtoka mkononi, na kauli zake zilinyooka hata pale ambapo kupinda kidogo kungemsaidia. Mwanzoni alilikataa, baadaye akachoka kulikataa. Siku hiyo alivaa sketi ya kaki yenye mifuko mikubwa na blauzi ya kijani, na ndani ya nywele zake kulikuwa na penseli aliyoisahau tangu asubuhi.

Alitafuta mazabodi, ule ubao mpana ambao vifaa vingine vyote vya kompyuta huchomekwa juu yake. Kwa wiki kadhaa alikuwa amesoma habari za bodi mpaka macho yakamuuma. Haikuwa anasa. Baba yake alipigwa na kiharusi miezi minane iliyopita. Mkono na mguu wa kulia ikalegea, akabaki kwenye kiti cha magurudumu, na maneno yakamkimbia yakamwachia machache tu ya kuombea maji na chakula. Jirani aliyekuwa akimwangalia mchana alikuwa mbioni kuhama. Basi Rula akaandika barua ya kuacha kazi, akatafuta kazi ya kufanyia nyumbani, akaipata: michoro ya zahanati ya vyumba kumi na viwili. Kilichobaki ni kompyuta ya kuibeba kazi hiyo, na hiyo aliamua kujiundia mwenyewe.

Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, alikuwa nayo. Ofisi ilimzawadia kutoka kwenye mashine iliyoharibika, nzuri na yenye nguvu, ila ya toleo la miaka michache nyuma. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kila prosesa ina soketi yake, kama mguu na kiatu, na bodi nyingi madukani zilikuwa za soketi mpya. Zile chache zilizobaki za soketi yake zilikuwa ndogo, zenye nafasi mbili tu za kuchomeka kumbukumbu, na michoro yake ilidai nne.

Ndipo akaliona kasha lenyewe, rafu ya juu kabisa, limebaki peke yake. Akanyoosha mkono, akasimama kwa vidole vya miguu. Mkono mwingine ukapita juu ya kichwa chake bila haraka yoyote, ukalishusha.

Aligeuka. Mwanamume alikuwa mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono hadi kwenye viwiko, sweta la kijivu limetupwa mabegani, na shingoni kwa uzi mweusi ilining'inia lenzi ndogo ya kufungia jichoni.

"Samahani kaka," Rula alisema. "Hilo kasha nimelitafuta mji mzima."

"Pole sana. Na mimi nimeambiwa nisitoke hapa bila hili." Akatoa kikaratasi mfukoni, akakilinganisha na kasha herufi kwa herufi. "Ndilo."

"Una prosesa gani?"

Akafikiri. "Bado sina. Nilidhani imo humu ndani."

Rula alicheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka chenyewe, cha kwanza baada ya siku nyingi, mpaka mtu wa kaunta akageuka. Yule bwana naye hakununa. Alisubiri amalize, kisha akamwuliza kwa upole kama anaweza kumfundisha, maana aliyemwandikia karatasi hakumweleza kitu.

Basi Rula akamfundisha palepale. Alimwuliza kompyuta ni ya kazi gani. Akajibiwa kwamba yeye ni fundi saa, anajirekodi akitengeneza saa na kuwafundisha watu wa mbali, lakini mashine yake imezeeka. Video zinaganda, na wanafunzi wanamwandikia kwamba mkono wake unabaki hewani dakika nzima kama mtu anayeapa. Rula akamweleza kwamba asiye na prosesa hana sababu ya kujifunga na soketi ya zamani. Achukue bodi ya soketi mpya, ili baada ya miaka mitatu akitaka nguvu zaidi abadilishe prosesa tu, bodi ibaki. Akamvuta rafu hadi rafu, akamwonyesha moja ya ukubwa wa kati, yenye nafasi mbili za diski za kasi na mahali pa kuchomeka kamera zake.

Fundi aliisoma taratibu, pande zote nne za kasha. Kisha akampa Rula lile la kwanza.

"Kwa hiyo hukutaka kunipokonya," alisema. "Ulitaka kunishauri."

"Nilitaka vyote viwili."

Mwenye duka, aliyekuwa amewatazama muda wote juu ya miwani yake, akawaambia kwamba wakimaliza kuposana huko kwenye rafu, kaunta iko upande huu. Watu wakacheka. Rula aliona aibu, na alipoona masikio ya yule fundi yamebadilika rangi, aibu ikampungua.

Jumanne simu ikaita. Walikuwa wamepeana namba kwa ajili ya maswali, na fundi alikuwa nayo maswali. Aliuliza nyaya ndogo za swichi zinaingia wapi. Jumatano akauliza kama kuna ubaya kugusa bodi kwa mkono mtupu. Alhamisi akauliza kama amekula.

"Hilo nalo ni swali la bodi?" Rula alimwuliza.

"Ni la mwenye bodi."

Wateja wake walimwita Taratibu, alimweleza, kwa sababu kila aliyeuliza saa yake itakuwa tayari lini alipata jibu hilohilo. Rula akamwambia kwamba yeye hana subira, chai anaimwaga kinywani ikiwa bado moto. Taratibu akasema basi Mungu amewagawia sawa. Simu za dakika mbili zikawa za nusu saa. Fundi akawa anamwita Inspekta, kwa jinsi alivyokagua kila kitu, na siku moja, katikati ya maongezi kuhusu kifaa cha umeme, neno "mpenzi" likamponyoka. Kisha Rula akamwuliza kifaa hicho kina wati ngapi, kwa sauti ambayo haikuwa ya kuuliza wati.

Wiki ya pili Taratibu alikuja nyumbani kumwamkia mzee. Baba yake Rula alikuwa fundi redio, miaka arobaini, mtu aliyeweza kuisikiliza redio mbovu ikikoroma na kutaja kilichokufa ndani yake kabla ya kuifungua. Tangu augue alikuwa akiwakwepa wageni, kwa kuona haya kuhangaika na maneno mbele yao. Huyu hakumkwepa. Taratibu hakumsemesha sana. Alivua lenzi yake shingoni, akamkabidhi, na mzee akaigeuzageuza kwa mkono wa kushoto, akaiweka jichoni, akautazama mshono wa kitambaa cha meza kwa muda mrefu. Walikaa hivyo jioni nzima. Rula aliyekuwa jikoni alichungulia mara tatu, na mara zote aliwakuta kimya, wameridhika, kama watu waliofahamiana utotoni.

Usiku ule alijiambia kwamba mwendo wake upungue. Alikwisha kuungua mara moja. Miaka minne nyuma alichumbiwa na mwanamume aliyekuwa na mke na watoto mji mwingine, na kila Rula alipouliza mbona simu haishikiki, mwenzake alimjibu kwa maneno mawili: niamini tu. Aliamini, mpaka mke mwenyewe alipompigia. Tangu hapo hakuna kitu alichokichukia kuliko kufichwa.

Jumamosi ya tatu vifaa vyote vilikuwa vimefika. Kazi ofisini ilikuwa imekwisha Ijumaa. Zahanati ilitaka michoro ya kwanza baada ya wiki mbili. Rula alitandika kitambaa safi kwenye meza ya kulia, akapanga vifaa kwa mpangilio wa matumizi, akaitoa bodi kwenye mfuko wake. Taratibu alikaa upande mmoja, mzee upande wa pili. Rula akanyanyua kifuniko cha soketi, akawaonyesha pini zake: zaidi ya elfu moja, nyembamba kama unywele, zimesimama kwa safu kama shamba la ngano linaloonekana kutoka mlimani. Prosesa hukaa juu yake kwa uzito wake yenyewe, aliwaeleza. Haisukumwi.

Kabla hajaishika, simu ikaita. Msimamizi wa zahanati alitaka kubadilisha mlango wa chumba cha sindano. Rula akatoka nje, akatembea uani akimweleza kwa nini ule mlango hauwezi kuhamia kwenye nguzo. Alirudi baada ya robo saa.

Baba yake alikuwa ametazama sakafuni. Taratibu alikuwa amesimama. Prosesa imerudishwa ndani ya kisanduku chake, na soketi imefunikwa.

"Leo tusiendelee," Taratibu alisema. "Nakuomba usiiguse mpaka kesho. Saa nne asubuhi nitakuja na vifaa vyangu."

"Kwa nini?"

"Kesho utajua kwamba hakuna neno."

"Nataka kujua leo. Kuna nini?"

Taratibu alimtazama mzee, akamtazama Rula. "Niamini tu," alisema.

Maneno hayo yalimwingia Rula kama maji baridi mgongoni. Alimsindikiza hadi mlangoni kwa adabu, akafunga, akarudi mezani. Alivumilia mpaka saa kumi. Halafu akafungua kifuniko, akamulika kwa simu. Kwenye pembe moja ya soketi pini zilikuwa zimelala, nyingine zimekumbatiana, kama nyasi iliyokanyagwa. Alizihesabu mara mbili. Kumi na nane. Pini moja tu ikikaa vibaya, kompyuta haiwaki.

Alipiga simu akiwa amesimama.

"Pini zimelala. Ulijua?"

"Nilijua."

"Ni wewe?"

"Zimelala nikiwa hapo hapo. Nilaumu mimi."

"Sikuulizi nimlaumu nani. Nauliza kilichotokea."

"Siwezi kukwambia, mpenzi. Lakini zinanyooka. Hiyo ndiyo kazi yangu, kila siku nashughulika na vitu vidogo kuliko hivyo. Kesho saa nne..."

"Usije," Rula alisema. "Wala mimi si mpenzi wa mtu anayenificha mambo."

Jumapili Taratibu hakuja, kwa kuwa aliambiwa asije. Alituma ujumbe mmoja: nipo, ukinihitaji. Rula aliusoma, akaufuta, akajuta kuufuta, akajilaumu kwa kujuta. Jumatatu alimpigia mwenye duka. Mama yule alisikitika kikweli. Bodi ile ilikuwa ya mwisho, alisema, na kiwanda kimeshaacha kuitengeneza. Anaweza kuulizia nje, lakini ahesabu wiki sita, na hata hapo hamwahidi. Rula akashukuru. Akakaa dakika chache na simu mapajani, kisha akafanya alichoapa hatakifanya: akampigia bosi wake wa zamani. Kiti chako bado kitupu, bosi alisema, nipe jibu kabla ya Jumatano. Rula akaanza kumweleza kwa sauti ya chini kwamba itabidi kwanza atafute mtu wa kukaa na baba kutwa, kwa sababu jirani anahama mwisho wa wiki. Hakujua kwamba mlango wa chumba cha baba yake ulikuwa wazi.

Asubuhi ya Jumanne alimkuta mzee mezani. Alikuwa amevaa mwenyewe, vifungo vya shati vimepishana. Bodi ilikuwa mbele yake, hakuigusa. Mkono wa kulia ulikuwa umelala juu ya kitambaa, na alikuwa akiutazama kama mtu anavyomtazama mwanawe aliyemtia aibu.

"Mama," alimwita. Ndivyo alivyomwita tangu azaliwe. "Kaa."

Rula akakaa.

"Mimi." Akavuta pumzi. Mishipa ya shingo ikamsimama. "Nilitaka... kuona. Ile ndogo." Alionyesha kisanduku cha prosesa. "Nikashika. Na huu." Mkono wa kulia. "Nilidhani... unaweza. Ikaanguka. Juu ya... pini."

Rula alijua akimsaidia neno moja, yote yaliyobaki yatarudi ndani.

"Yeye... alikuwa dirishani. Aligeuka... imeshaanguka. Nikamwomba. Hivi." Mzee aliweka kidole cha kushoto mdomoni. "Asikwambie. Miaka arobaini... sikuharibu... kitu cha mtu. Cha kwanza... cha mwanangu." Machozi yalikuwa yakimshuka hadi kwenye kola, na hakuyafuta, maana mkono mzima ulikuwa na kazi ya kuongea. "Usirudi ofisini."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoyasema tangu siku ile walipomwokota sakafuni. Rula alipiga magoti mbele ya kiti chake, akamkumbatia, na hakujua analia kwa lipi: kwa aibu ya mzee, kwa ukali wake mwenyewe, au kwa hiyo sentensi fupi iliyotoka nzima, bila kukatika, kama sentensi ya mtu mwenye afya. Alimfungua vifungo, akavifunga upya vizuri.

"Utakaa na jirani saa moja tu," alimwambia. "Nina mtu wa kumwomba radhi."

"Hapana," mzee alisema. "Twende."

Kibanda cha fundi saa kilikuwa chumba chembamba kati ya duka la viatu na studio ya picha. Kuta zote zilivaa saa, na kila moja ilitaja wakati wake, kwa sababu saa ya mteja hairekebishwi mpaka ipone. Taratibu alikuwa ameinama mezani, lenzi jichoni. Alipoona kiti cha magurudumu kinahangaika na kizingiti, aliruka kuja kukiinua, na lenzi ikamwanguka kifuani.

"Baba ameniambia," Rula alisema kabla hata hajaingia vizuri. Aliogopa akiingia atanyamaza. "Ameniambia yote, kwa mdomo wake. Nimekukosea. Nilikuhukumu kwa makosa ya mtu mwingine."

Taratibu alimtazama mzee, na mzee akatikisa kichwa: ndiyo. Mabega ya fundi yalishuka, kama mtu aliyetua mzigo ambao hakutaka ajulikane anaubeba.

"Lakini na wewe ungesema si wewe," Rula aliendelea. "Ungesema si mimi, na siwezi kutaja ni nani. Ningekuelewa."

"Mle ndani tulikuwa wawili tu, Inspekta. Ningesema si mimi, ningekuwa nimemtaja."

Hilo Rula hakuwa amelifikiria.

"Sitakudanganya," Taratibu alisema. "Nikiombwa tena vile alivyoniomba, sijui kama nitafanya tofauti. Mikono ndiyo maisha yangu. Nilimwona anavyoutazama wake. Lakini lile 'niamini tu' lilikuwa kosa. Nililiona usoni kwako mara tu liliponitoka, na sikujua nilirudisheje."

"Usiniambie tena maneno hayo."

"Sitakwambia."

Akanyoosha mkono, si kwa Rula bali kwa kasha la bodi alilokuwa amelikumbatia. Rula akampa.

Kazi ilichukua saa moja na nusu. Taratibu aliifunga bodi kwenye kishikio chake cha shaba, akachagua sindano moja kati ya thelathini, akafunga lenzi jichoni. Alimwomba mzee ashike taa. Mzee aliishika kwa mkono wa kushoto, akaegemeza kiwiko mezani, na mwanga haukutikisika. Rula alisimama nyuma yao, mikono ndani ya mifuko ili isimsumbue mtu. Pini ya kwanza iliinuka. Ya pili. Mteja aliingia, akaambiwa arudi mchana, akaona sura zao, akatoka kwa kunyata. Pini mbili zilizokumbatiana zilitenganishwa kwa pumzi tatu. Ilipobaki moja, iliyolala kabisa hadi chini, Taratibu aliweka sindano mezani. Pini inayokunjwa mara mbili mahali pamoja hukatika, alisema, na ikikatika hakuna fundi. Akanywa maji, akafuta viganja, akamtazama mzee. Mzee akasogeza taa kidogo kushoto. Mwanga ukaingia chini ya pini, kivuli chake kikaonekana, na Taratibu akacheka kimyakimya.

"Hapo hapo, mzee wangu."

Ikasimama.

Hakuna aliyesherehekea. Walirudi nyumbani wote watatu kwenye teksi moja, kasha likiwa mapajani mwa mzee, na bila kula wakaanza kuunda. Rula alitua prosesa mahali pake, ikakaa kwa uzito wake. Akafunga kibano chake, akachomeka kumbukumbu nne, feni, diski, nyaya. Alipobonyeza swichi, feni ilizunguka, ikasimama. Ikazunguka tena. Skrini ilibaki nyeusi, nyeusi, muda ambao baadaye Taratibu alisema haukuzidi nusu dakika na Rula akaapa ulikuwa saa nzima. Kisha herufi nyeupe zikatokea pembeni, na kwenye mstari wa tatu kompyuta ikaandika kwamba imeziona kumbukumbu zote nne.

"Imeongea," mzee alisema.

Rula alikaa chini, palepale sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza. Taratibu akakaa karibu yake na sweta lake la kijivu, bega kwa bega. Baadaye Rula akampigia bosi, akamshukuru, akamwambia kile kiti ampe mwingine.

Michoro ya zahanati ilikamilika siku mbili kabla ya wakati. Baada yake ikaja ya maktaba, kisha ya nyumba ya ghorofa moja ya mwalimu mstaafu. Jirani alihama, na hakuna kilichoharibika. Mzee alianza kwenda kibandani kwa Taratibu kila Jumatatu na Alhamisi, akashika taa, na wateja wakazoea kumwuliza yeye saa zao zitakuwa tayari lini. Alijibu kwa maneno mafupi, lakini alijibu.

Jumapili moja adhuhuri Rula alikuwa uani akianua nguo, amevaa gauni la bluu la nyumbani na kilemba cha zambarau. Taratibu alitokea nyuma ya shuka lililotanda kwenye kamba, amevaa suti. Rula alimwuliza kama anatoka msibani. Taratibu akasema hapana, akashika pembe mbili za shuka bila kuombwa, Rula akashika mbili, wakaanza kulikunja.

"Kuna jambo nataka ulijue kabla sijasema la pili," alisema. "Nimewahi kuoa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Tukaishi miaka mitatu, tukaachana kwa amani, hatukupata mtoto. Sasa ana watoto wawili na mume wake, na mwezi wa nane alinipigia kunipa pole ya msiba wa mama. Ningekwambia mapema, ila sikupata mahali pa kuanzia."

Rula alilivuta shuka likanyooka. Alijiuliza kama ameumia, akajikagua kwa uaminifu, akaona hajaumia. Alichokiona ni kwamba mwanamume huyu amevaa suti juani ili amwambie kitu ambacho angeweza kukinyamazia maisha yake yote.

"Mliachana kwa nini?"

"Alitaka kuondoka mjini, mimi nilitaka kubaki na mama. Kila mmoja alikuwa na haki."

"Umemaliza la kwanza?"

"Nimelimaliza. Kama una swali jingine, uliza."

"Nitakuwa nayo mengi. Nitauliza polepole." Aliukunja upande wake. "Sema la pili."

Taratibu alikuja mbele na pembe zake mbili, kama wafanyavyo watu wanaokunja shuka, mpaka vidole vyao vikakutana. Uso wake ulikuwa na jasho, na tai imeenda upande.

"Nataka kuishi na wewe na mzee," alisema. "Nataka unioe, au nikuoe, utakavyopenda kuliita. Na nimekuja kwako kwanza, ndiyo nimwendee yeye."

Dirishani kulisikika kikohozi cha mtu aliyekuwa akijitahidi sana asikohoe.

"Mwendee sasa hivi," Rula alisema, "kabla hajaanguka na kile kiti." Hakuachia vidole vyake. Alimnyooshea tai, akaliweka shuka kikapuni, na wakaingia ndani pamoja.